Naombeni ushauri: shairi la Kiingereza nililolitungia muziki linaninyima usingizi

Mtoa mada: Wakuu, shikamooni. Nasoma utunzi wa muziki Uingereza. Nimelitungia kwaya ya sauti nne shairi la Kiingereza, linaimbwa baada ya wiki tatu. Neno «window» mkazo wake uko mwanzo, ila sauti ya kwanza yangu inapanda kwenye «dow». Nibadilishe nota au niache?

Besi Kongwe: Badilisha. Kiswahili kimetudekeza, mkazo karibu kila neno uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinarukaruka. Kigangoni kwetu niliwahi kufundisha wimbo wa Krismasi wa Kiingereza, wazee wa besi wakaukanyaga wote Kiswahili. Padre aliinamisha kichwa hadi ulipokwisha.

Mama Alto: Mwanangu, malenga wetu wamekukosea nini? Mashairi yetu yana mizani tayari na maneno yanaishia kwenye irabu, koo linafunguka lenyewe.

Mpenda Nota: Shairi la nani? Uingereza hakimiliki ya shairi inadumu miaka 70 baada ya mshairi kufa. Ungechukua Owen aliyeuawa 1918, au Housman aliyefariki 1936, ungelala.

Mtoa mada: Alifariki miaka ya themanini. Swali langu lilikuwa mkazo.

Mpenda Nota: Uliomba ruhusa?

Mtoa mada: Niliomba.

Mpenda Nota: Wakasemaje?

Mtoa mada: Walikataa. Lakini barua ilifika nimeshamaliza, kwaya imeshashika sauti zote. Na hakuna kiingilio. Nitavunjaje kazi ya miezi mitano?

Mama Alto: Kumbe! Cha mtu ni cha mtu, hata kama huuzi.

Kijana wa Tena: Chai hii. Ni stori ya Eric Whitacre: alilitungia kwaya shairi la Robert Frost, wenye haki wakamkatalia, rafiki yake Charles Anthony Silvestri akaandika maneno mapya kwa mizani ileile, ndiyo «Sleep». Umebadilisha majina tu.

Besi Kongwe: Duh. Mimi nishatoa ushauri wa bure.

Mtoa mada: Ningekuwa natunga chai ningejipa na huyo rafiki. Sina. Barua siweki, ina jina langu. Ila ukurasa wa 4 alto wanashikilia nota moja vipigo kumi na viwili, sauti ya tatu wanashuka chini yao polepole, na jana mazoezini hakuna aliyekohoa. Hicho ndicho kinachoniuma.

Kijana wa Tena: Mstari una silabi ngapi?

Mtoa mada: Nane. Mkazo kwenye ya pili, nne, sita, nane.

Mama Alto: Nane? Hiyo niachie mimi. Nipe beti ngapi na mada, kesho jioni unazo kwa Kiswahili.

Besi Kongwe: Mama, mkazo wetu mwishoni utaangukia ya saba.

Mtoa mada: Beti nne, Mama. Mtu dirishani usiku, anamngoja aliyechelewa. Hiyo ya saba nitaisogezea kipigo.