Mrejesho: Filamu za Charlie Kaufman

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nianze na ipi kati ya filamu alizoandika Charlie Kaufman, maana Synecdoche, New York (2008) ilinishinda katikati. Wengi mlisema Eternal Sunshine of the Spotless Mind (2004). Asanteni sana! Pale Joel, anayefutwa kumbukumbu za mpenzi wake wa zamani Clementine, anapomficha Clementine kwenye kumbukumbu za utotoni ili asifutwe akilini mwake, huku Joel kajikunyata chini ya meza ya jikoni, machozi yalinitoka.

Nikafuata na Being John Malkovich (1999). Ofisi iko ghorofa ya saba na nusu, dari iko chini, watu wanatembea wameinama na hakuna anayeshangaa. Hapo ndipo nikamwelewa Kaufman: kwake ajabu haielezwi, watu wanaishi nayo tu.

Adaptation (2002) niliipenda hadi mwisho ulipogeuka kuwa wa bunduki na kufukuzana. Najua ni makusudi, bado haijaniingia.

Synecdoche nimeirudia na kuimaliza. Nyumba ya mhusika Hazel inayowaka moto miaka yote huku mwenyewe akiishi humo imenigusa mno, ila nusu ya pili bado nzito. Aliyeshauri niitazame mchana nikiwa sijachoka, ubarikiwe, ilisaidia.