Naomba ushauri: kambi ya tenisi kwa watu wazima tunaocheza kujifurahisha

Wadau, habari zenu. Nataka kwenda kambi ya tenisi ya wiki moja na nimekwama kati ya mbili. Kiwango changu ni kama 3.0 kwenye vipimo vya NTRP vya Marekani, vile vinavyoanzia 1.0 hadi 7.0. Mpira wa kasi ya kawaida naurudisha vizuri, ila ukija kwa nguvu upande wa bekihendi, yaani upande wa pili wa mkono ulioshika raketi, unaishia kwenye wavu.

Kambi ya kwanza mnacheza saa tano kwa siku, kocha mmoja kwa wachezaji wanane. Ya pili ni saa tatu tu, lakini kocha mmoja kwa wanne, na wanakurekodi video ukipiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, kisha mnaitazama pamoja. Moyo wangu uko kwa hii ya pili. Mkiwa wanane, si muda mwingi utaishia kwenye foleni? Wenzangu wanabisha, eti bila kupiga mipira mingi mwili haushiki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kiwiko. Nikicheza siku mbili mfululizo kinaanza kuuma, hasa nikishika raketi kwa nguvu. Viwanja vya kambi ya kwanza ni vya udongo, na magoti yatashukuru, lakini je, kiwiko kitapata nafuu yoyote?

Mliowahi kwenda, makundi yalipangwa kweli kwa kiwango? Na niwaulize nini kabla sijalipa? Naombeni msaada wenu, nafasi zinajaa haraka.