Magari 400, magari 500, magari 1,000: acheni kutuuzia namba! (Uzi wa malalamiko ya gemu za magari)

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa malalamiko, siyo wa ushabiki. Wale wa PlayStation na Xbox mna nyuzi zenu, malizaneni huko huko. Hoja hapa ni moja: studio zinatuuzia idadi ya magari, wakati kile kinacholifanya gari liwe gari ndani ya gemu, yaani uzito, tairi, gia na springi, kinakopiwa kutoka gari jingine au kinapigwa kufuli. Kila gemu mpya ikitangazwa namba inaandikwa kubwa, watu wanashangilia, halafu miezi miwili baadaye kila mtu anaendesha magari kumi yale yale.

Tuanze na Gran Turismo 5 ya 2010, maana ndiyo iliyotufundisha tabia mbaya. Magari zaidi ya 1,000. Yaliyotengenezwa upya kwa ajili ya PS3, yenye dashibodi, viti na taa za kueleweka, yalikuwa kama 200. Mengine kama 800 yaliokotwa kutoka gemu za PS2 yakapigwa msasa. Ukibonyeza kamera ya ndani, hakuna ndani! Sasisho la 2011 likaleta kivuli cheusi cha dashibodi, eti ndiyo marekebisho. Halafu pitia orodha yenyewe: Skyline GT-R ya V-Spec, ya V-Spec II, ya M-Spec, ya N1, Mazda MX-5 ile ile inahesabiwa mara ya pili na ya tatu kwa jina la Eunos na Miata. Ukiondoa marudio, namba inanywea vibaya.

Gran Turismo 7 ikaja Machi 2022 na magari zaidi ya 400. Humo toa Vision GT, magari ya maonyesho ambayo viwanda viliyabuni kwa ajili ya gemu, siyo ya kuuzwa madukani. Toa pia yale ya Gr.3 na Gr.4 (madaraja ya mashindano ya ndani ya gemu) ambayo ni magari ya kawaida yaliyovishwa bodi ya mashindano kwa ubunifu wa studio: Mazda Atenza Gr.3, Peugeot RCZ Gr.3, Hyundai Genesis Gr.3. Hayo hayakuwahi kukimbia GT3, daraja la kweli la mashindano, popote duniani. Mtu anayetaka magari ya GT3 yaliyokimbia kweli anaishia kwenda kwenye gemu ya Assetto Corsa Competizione, ambayo orodha yake ni fupi mara nyingi zaidi na hakuna anayeilalamikia.

Kilichobaki sasa, unakipataje? Brand Central, duka la magari mapya ndani ya gemu, inauza magari ya kuanzia 2001 kuja huku. Ya zamani yako kwenye duka la magari yaliyotumika na lile la magari ya kihistoria, na maduka hayo yanabadilisha bidhaa siku hadi siku. Unachelewa, unakuta limeandikwa LIMEUZWA. Faili la kompyuta limeuzwa! Nani kalinunua, kaenda nalo wapi? McLaren F1 iliwekwa krediti 18,500,000. Wakati huo huo krediti 2,000,000 zinauzwa karibu dola 20 za kweli, maana yake vifurushi kumi, dola 200, kwa gari moja ndani ya gemu ambayo umeshailipia. Na ukiinunua bado haikupi uhuru, kwa sababu sehemu kubwa ya gemu inadai intaneti hata ukicheza peke yako. Machi hiyo hiyo ya 2022 sasisho la 1.07 lilipoharibika, seva zilizimwa kwa zaidi ya saa 30. Mwenye diski na asiye na diski wote wakakaa wanatazama menyu. Kwa nchi ambazo mtu anashusha zaidi ya GB 100 kwa bando, hili siyo jambo dogo.

Forza Motorsport ya 2023 ilikuja na magari zaidi ya 500 na dhambi ya aina nyingine. Kila gari lilikuwa na ngazi zake mpaka ya 50, na vipuri vimefungwa kwenye ngazi hizo. Pesa unazo, ila huruhusiwi kununua kipuri mpaka uendeshe gari bila hicho kipuri mpaka uchoke. Ukihamia gari jingine unaanza sifuri. Sasa magari 500 yana faida gani kwa mchezaji ambaye anaadhibiwa kila akibadilisha gari? Walikuja kulegeza Machi 2024, miezi mitano baadaye, wakati seva zimeshaanza kupwaya.

Haki itendeke lakini: kwenye tairi Forza hii ilipiga hatua. Ya zamani ilikuwa inasoma mguso wa tairi na lami kwenye nukta moja, mara 60 kwa sekunde. Hii mpya inasoma nukta nane, mara 360 kwa sekunde. Tofauti unaisikia ukipanda ukingo wa kona: zamani gari zima lilirushwa kama limegonga jiwe, sasa upande mmoja wa tairi unapanda na mwingine unabaki chini. Assetto Corsa inapiga hesabu zake mara 333 kwa sekunde, Competizione mara 400. Hizi ndizo namba zilitakiwa ziandikwe kubwa kwenye tangazo.

Kuhusu leseni, maana kuna watu watakuja kusema "studio hazina kosa, ni viwanda". Nusu ni kweli. Kampuni ya gemu ya EA ilishikilia leseni ya Porsche peke yake kwa miaka kama 16 mpaka mwisho wa 2016, ndiyo maana Gran Turismo ilikuwa inakupa RUF, magari yanayojengwa juu ya Porsche, na kukuacha ujifanye hujui. Toyota nao waliyaondoa magari yao ya barabarani kwenye gemu nyingi, Forza Horizon 4 ikatoka 2018 bila Supra. Sawa. Lakini leseni haimlazimishi mtu kukopi tairi za gari moja akazibandika kwenye magari arobaini. Na leseni ina mwisho wake: Forza Horizon 4 iliondolewa sokoni Desemba 2024, na The Crew ya 2014 ilizimwa seva mwishoni mwa Machi 2024 ikafa, hata peke yako ukawa huwezi kucheza. Orodha yote ya magari kaburini.

Sasa tuje kwenye uhalisia wenyewe, maana humu kila mtu anasema "gari linahisi la kweli" bila kipimo. Vipimo vipo na havihitaji usukani wa bei mbaya.

Kwanza gia. Tafuta gia yenye uwiano wa 1.000, mara nyingi ni ya nne. Chukua Toyota AE86 ya 1983: uwiano wa difu 4.300, tairi 185/70 R13 ina mzunguko wa karibu mita 1.85. Kwenye 7,000 rpm (mizunguko ya injini kwa dakika): 7,000 gawa kwa 4.3 unapata mizunguko 1,628 ya tairi kwa dakika, zidisha kwa 1.85, zidisha kwa 60, gawa kwa 1,000. Jibu ni km/h 181 hivi. Nenda kwenye njia iliyonyooka, weka gia ya nne, soma mita. Ikikupa 181 kasoro mbili tatu, kuna mtu alikaa akaingiza data. Ikikupa 200, umeuziwa bodi ya AE86 yenye giaboksi ya gari lingine. Hakikisha tu hujagusa marekebisho ya gia, na rimu ni zile zile za kiwandani, kwa sababu baadhi ya gemu zinabadilisha kipenyo ukibadilisha rimu.

Pili breki. Zima ABS, fika km/h 100, kanyaga mpaka karibu na kufunga tairi, pima umbali. Hesabu ni kasi kwa mita kwa sekunde (27.8) zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 19.6 mara mshiko wa tairi. Mshiko wa 1.0, tairi nzuri ya barabarani ya leo, unakupa mita 39. Mshiko wa 0.8 unakupa mita 49. Ukiona gari la 1983 lenye tairi za kiwandani linasimama kwa mita 28, huo ni mshiko wa 1.4, tairi za mashindano. Gran Turismo 7 inakuruhusu kulivalisha gari lolote tairi za Racing Soft, yaani laini za mashindano, kwa hiyo angalia kwanza umevaa nini kabla ya kulalamika. Tatizo langu ni kwamba mashindano mengi yanakusukuma uvae hizo hizo, na ukishavaa, tofauti ya Suzuki Alto na Alfa Romeo inabaki kwenye sauti. Na sauti zenyewe za Gran Turismo kwa miaka mingi zilikuwa za blenda.

Tatu, kuachia mafuta katikati ya kona. Kihatchback chepesi cha kuvuta mbele cha miaka ya 80, mfano Peugeot 205 GTI, ukiachia mafuta ghafla uzito unakwenda mbele, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unaanza kutoka. Porsche 911 ya zamani, injini nyuma ya ekseli, inafanya hivyo kwa ukatili zaidi. Kama magari yote mawili yanaishia kupanua kona tu kwa mbele, basi fizikia ni moja na bodi ni mbili. Fanya jaribio hili ukiwa umezima kidhibiti utelezi na usaidizi wa uthabiti, vinginevyo unapima kompyuta ya gari.

Upepo wa tairi je? Gran Turismo 7, gemu inayojiita simuleta ya kuendesha, haina sehemu ya kurekebisha upepo. Haina! Kwenye Competizione upepo ndiyo kazi ya kwanza: tangu toleo la 1.9 slick (tairi zisizo na mifereji) za GT3 zinataka upepo wa psi 26 hadi 27 zikiwa zimepata moto, ambapo unaanza chini ya hapo na kuendesha mizunguko kadhaa ndipo usome. Hewa ya nje ikipanda nyuzi 1, tarajia psi 0.1 juu, hivyo seti ya asubuhi haikufai mchana. Ukizidisha, tairi inavimba katikati, mguso unapungua, gari linaserereka kwenye kutoka kona. Ukipunguza mno, usukani unakuwa mzito na mvivu.

Na kabla watu wa modi za Assetto Corsa, yaani magari yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe, hawajaanza kutamba: nyie ndiyo wabaya zaidi wa kukopi. Modi nyingi za bure ni umbo zuri la nje lililokalia data za gari la Kunos, studio ya gemu yenyewe. Kagua hivi. Fungua data.acd, faili lililofungia data za gari, kwa programu ya Content Manager, toa mafaili. Kwenye car.ini soma TOTALMASS. Hiyo ni uzito pamoja na dereva bila mafuta, hivyo gari la kilo 940 linatakiwa lisome kama 1,015. Kwenye suspensions.ini tazama CG_LOCATION, mgawanyo wa uzito mbele na nyuma. Kwenye drivetrain.ini linganisha uwiano wa gia na kitabu cha gari. Mwisho linganisha tyres.ini na ya gari la kiwandani la gemu: ikiwa inafanana mstari kwa mstari wakati saizi ya tairi ni tofauti, futa. Angalizo: usibadilishe jina la folda la gari lenye data.acd, ufunguo wake umefungwa kwenye jina la folda na gari litagoma kupakia.

Kwenye rali nitapita haraka. EA Sports WRC ya 2023 ilitupa Safari Rally Kenya, asante. Ilizinduliwa na magari 78, hakuna Toyota Celica hata moja. Celica imeshinda Safari mara nane: 1984, 1985, 1986, 1990, kisha 1992 mpaka 1995 mfululizo. Peugeot 504 pia hakuna. Unampeleka mtu kwenye vumbi la Naivasha halafu unamnyima magari yaliyoijenga hiyo Safari, na mwaka 2025 wakatangaza hawaendelezi tena. Wakati huo huo Gran Turismo 7 imeingiza Hiace, ile ile ya daladala, na imetengenezwa kwa usafi mpaka kwenye viti. Kwa hiyo uwezo upo. Ni kuamua.

NYONGEZA: Mkuu aliyesema hapo chini kwamba lile sasisho la 1.49 la Gran Turismo 7 lililofanya magari yaruke angani Julai 2024 ni "uhalisia wa barabara zetu", umenichekesha, lakini hoja inabaki. Waligusa springi za magari yote kwa pamoja, magari yote yakaugua kwa pamoja.

NYONGEZA 2: Kwa wanaosema magari yote yanaonekana kwenda polepole ukitumia kamera ya ndani, huko kosa laweza kuwa upana wa mtazamo (FOV), yaani pembe ambayo kamera inaona. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Ukikaa sentimita 70 kutoka kwake, upana sahihi wa mlalo ni nyuzi 41 au 42, wima 24. Gemu zinazouliza wima na zile zinazouliza mlalo ziko tofauti, soma kabla hujaweka. Ukiona ni finyu mno, sogeza kiti karibu kuliko kuongeza namba.

Wanaochangia: andika gemu, toleo, gari, tairi ulizovaa, kisha km/h ya gia ya 1.000 na mita za breki. Nitaziweka zote kwenye jedwali hapa juu. Asiye na vipimo akae asome.