Naomba ushauri: kamati yetu ya ujumuishaji imewasahau wenye ulemavu
Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kamati ya ujumuishaji katika kampuni moja hapa Kisumu. Tumehesabu jinsia na makabila, lakini fomu yetu haina hata safu moja ya ulemavu, ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma ziwaendee watu wenye ulemavu. (Sisi si wa umma, najua, ila hicho si kisingizio.)

Wiki jana tulimwalika mwenzetu wa stoo, ambaye ni kiziwi, atoe maoni. Aliketi akielekea dirisha, mwangaza ukimpiga machoni, akijaribu kusoma midomo ya watu saba waliokuwa wakidakizana, kisha akaniandikia daftarini: "Nitaletewa kumbukumbu?" Niliona haya. Mhasibu wetu anayetumia kiti cha magurudumu hakufika kabisa, kwa kuwa tulikutana orofa ya pili na lifti hatuna.

Meneja anasema tusubiri bajeti ijayo. Je, nianze kwa kudai mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, au kwa kuhamishia mikutano chini, jambo lisilo na gharama? Tena, nitawaulizaje wafanyakazi kuhusu ulemavu usioonekana bila kuwafedhehesha?