Kiongozi wa bendi anataka kompyuta ipige besi. Hivi muziki wa dansi ndiyo unakufa?

Besi_Temeke

Wakuu habari za jioni. Naomba maoni ya watu waliouishi huu muziki ukumbini, si wa kuusikia redioni tu.

Mimi ni mpiga besi. Nilishika gitaa mara ya kwanza mwaka 1989 nikiwa darasa la saba, na tangu 1993 sijakaa mwaka mzima bila bendi. Kwenye zile bendi za majina nilipita moja tu, miezi 7, nikishika nafasi ya mgonjwa. Nyingine zote ni hizi za kati mnazozikuta kwenye baa za Temeke, Buza, Mbagala na Tabata. Nyumba nimeiezeka kwa besi, na watoto watatu wamesoma kwa besi.

Jumamosi iliyopita tulianza kupiga saa tatu usiku. Jukwaani tulikuwa 9. Mezani nilihesabu watu 11, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Saa sita kasoro mwenye baa akatuomba tupumzike, DJ akaweka singeli, kisha amapiano, na haikupita nusu saa wakaingia vijana kama 40. Walikuwa nje muda wote, wamekaa kwenye bodaboda zao. Hawakutuzomea wala kutusema vibaya. Walikuwa wanangoja tumalize.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo kiongozi akatueleza mpango wake. Kuanzia mwezi ujao dramu, tumba na besi zitatoka kwenye kompyuta. Tutabaki wanne: waimbaji wawili, solo na kinanda. Hesabu yake siilaumu, maana usiku ule mgawo ulikuwa shilingi 8,000 kila mtu, na mimi bajaji ya kunibeba na amplifaya ni 7,000.

Lakini nyie mnaocheza dansi mnajua chemko ni nini. Mwanzo wa wimbo mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, magitaa yanamsindikiza. Halafu linakuja chemko, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanaanza kuongea yenyewe kwa yenyewe. Hapo mimi huwa natazama bega la kushoto la mpiga solo. Likishuka najua anataka kuingia, basi noti ya kwanza ya mzunguko ule siipigi, naliacha pengo, na mtu wa rithimu analijaza. Hatujawahi kukaa tukakubaliana hivyo. Tumepiga pamoja miaka 12, limejizalia lenyewe. Chemko likinoga tunalizungusha dakika 4, 6, hata 10, kutegemea miguu ya watu. Faili la kompyuta litakwisha pale lilipopangwa kwisha, hata kama mama mmoja kule nyuma ndiyo kwanza anavua viatu aingie uwanjani.

Jumapili nilikuwa nachemsha nyuzi za gitaa. Seti mpya ya besi ni ghali, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili nazitoa, nazikunja duara, nazitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota dakika 10. Jasho na uchafu wa vidole vinatoka, maji yanakuwa kama chai ya rangi, na zikikauka mlio unarudi karibu na wa dukani. Mwanangu wa mwisho, ana miaka 19, akasimama mlangoni akaniuliza, "Baba, hizi unazichemshia bendi gani?" Hakuniuliza kwa dharau, alitaka kujua. Nikakosa la kumjibu.

Sasa nawauliza nyie. Huu muziki unakufa kweli? Na kama unakufa, ulianza kuumwa lini, maana mimi nilikuwa ndani yake na sikuona.

Mkongwe_Ilala

Pole sana kaka. Mimi si mpigaji, ni mchezaji, nina miaka 68 na magoti yangu yameishia ukumbi wa DDC Kariakoo.

Ulianza kuumwa siku mashirika yalipoziachia bendi. Watu wanasahau kwamba bendi zile hazikuishi kwa kiingilio peke yake. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya shirika la bima, UDA Jazz ya mabasi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na Iringa kule Tancut Almasi ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi! Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya shirika, gari la shirika, na mwanamuziki ana mshahara mwisho wa mwezi. Mtu wa namna hiyo ukumbi ukiwa mtupu Jumanne anaudhika, lakini halali njaa. Jumatano yuko mazoezini anatunga.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa, mengine yakafa kabisa, na bendi zikabaki yatima. Tazama tu majina ya Msondo: NUTA, JUWATA, OTTU, mwisho ikabaki Msondo Ngoma, na mfadhili wa kuitia jina hana. Zile za majeshi zilipumua zaidi kwa sababu wenyewe hawakubinafsishwa.

Sasa kaka nami nikuulize, na unisamehe. Mara ya mwisho bendi yenu kutoa wimbo mpya ni lini? Sisi wa Sikinde na Msondo tulikuwa tukibishana wiki nzima kuhusu wimbo uliotoka juzi. Waimbaji wetu, Gurumo tumemzika 2014, Shaaban Dede tumemzika 2017, na mimi leo nikienda kwenye dansi naimbiwa nyimbo zao zilezile, na watu ambao si wao. Nazipenda. Ila kwa nyimbo hizo naweza kubaki nyumbani na redio yangu.

Fundi_Biti

Shikamoo mzee Besi, shikamoo mzee Mkongwe.

Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo Tandika, chumba kimoja. Kazi yangu kubwa ni singeli na bongo fleva, kwa hiyo nahisi mimi ndiye mnayemsema, ingawa hamkunitaja.

Mzee Mkongwe kasema upande wa mshahara. Kuna upande wa redio pia. Baba alikuwa akinisimulia kwamba zamani bendi ilikuwa inaenda Radio Tanzania, Pugu Road, inarekodi, na wimbo unapigwa nchi nzima kabla hamjaufikisha mkoani. Huku Bara hakukuwa na redio nyingine. Kuanzia 1994 zikaja redio binafsi, zikaanza FM, nazo zinataka kazi iliyokamilika kwenye CD mkononi. Nani angewapelekea? Studio za wakati ule, za kina P-Funk, Master Jay na Miikka Mwamba, ziliweza kumchukua kijana mmoja na karatasi yake ya mashairi, prodyuza akapiga kila kitu mwenyewe, kesho wimbo uko redioni. Bendi ya watu 12 inataka ukumbi wa kurekodia, maiki za kutosha, siku kadhaa na chakula cha watu 12.

Mwaka jana nilijaribu kurekodi bendi ya harusi ya mjomba wangu. Mashine yangu ina matundu mawili ya kuingizia sauti. Wapigaji walikuwa 8. Nikarekodi mmoja mmoja, siku tatu, na kazi ikatoka imekufa, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga peke yake na visikio, hamwoni mwenzake. Leo nimesoma habari ya bega la kushoto ndipo nikaelewa nilikosea wapi.

Lakini kipande kimoja cha solo ya mjomba nilikikata nikakiweka kwenye biti, nikakikimbiza mpaka mapigo 210 kwa dakika. Madogo wanaokuja kuchana hapa waliuliza, "Hiyo sauti umeipata programu gani?" Hawakuamini ni mtu. Mzee, wale waliokuwa nje kwenye bodaboda mimi nawajua, ndio wateja wangu. Hawajaukataa muziki wako. Hawajawahi kusimama mita tatu mbele ya gitaa likipigwa vizuri.

Naomba uje. Wewe na mtu wa solo, mkae mnatazamana, matundu mawili yanawatosha. Sitatoza hela.

Binti_Likoni

Hujambo kaka. Nakuandikia kutoka Mombasa.

Huku kwetu nyimbo hizo hazijaenda popote. Zilizopendwa ziko redioni kila wikendi, na ukipanda matatu asubuhi utamsikia kijana wa miaka 20 akiimba Les Wanyika neno kwa neno. Na wale walikuwa wenu! Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakaanzisha Simba Wanyika Nairobi mwaka 1971, na Les Wanyika ikamegeka humo 1978. Mwanamuziki wenu Mbaraka Mwinshehe naye mauti yalimfikia huku Mombasa, Januari 1979, na wazee wa hapa wanamtaja kama mtoto wa mtaani kwao.

Ila mzee wa Ilala amenigusa. Twazipenda hizo, na mpya hatuna. Mahotelini bendi zimekuwa za watu wawili na kompyuta, kama anavyotaka kiongozi wako. Mimi nimeimba na mojawapo miaka minne. Sauti ikinikauka siwezi kumwambia mpigaji ashushe wimbo nusu sauti, maana hayupo.

Mnyamwezi_wa_Reading

Niko Reading, Uingereza, mwaka wa 14 sasa, na baada ya kazi naenda sana kwenye baa za roki. Ninachokisoma hapa ndicho wanachokisema Wazungu kila siku kuhusu roki.

Marekani mwaka 2017 kampuni ya Nielsen ilipopiga hesabu ya muziki unaonunuliwa na kusikilizwa, hip hop na R&B ziliipita roki kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata kampuni ya magitaa ya Gibson ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, na kila gazeti likaandika kwamba gitaa limekufa. Gibson ikatoka humo mwaka huohuo na magitaa inauza mpaka leo. Mwaka 2025 bendi ya roki ya Oasis walirudiana baada ya miaka 16, na viwanja vikajaa usiku baada ya usiku.

Mngeishia hapo mngesema roki ni nzima. Lakini kumbi ndogo, zile za watu 80 au 150 ambako bendi hujifunzia kupiga, mwaka 2023 peke yake 125 zilifungwa au ziliacha muziki wa jukwaani katika nchi hii. Niliyoizoea mimi sasa wanauza mazulia. Kwa hiyo naogopa zaidi habari ya ile baa yenu ya watu 11 kuliko habari ya chati. Mkiondoka pale, kijana wa kushika nafasi ya mgonjwa, kama ulivyofanya wewe, atasimama wapi?

Besi_Temeke

Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Dada wa Likoni, hilo la kushusha nusu nimelisikia mpaka tumboni.

Mzee Mkongwe, ahsante kwa swali lako, sina cha kukusamehe. Wimbo wetu mpya wa mwisho tuliutunga 2016, tukaupiga wiki tatu, watu wakawa wanaomba za Mlimani Park, tukauacha. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kusema tuuache. Leo nimekaa kibarazani nimeutafuta, ubeti wa pili sikuukumbuka, lakini chemko lake limo vidoleni lote.

Kiongozi nimempigia. Nimemwambia Ijumaa aweke kompyuta yake, Jumamosi mimi na mtu wa tumba tupige kwa nauli tu hadi mwezi wa 12. Amekubali hadi mwezi wa 10.

Kijana wa Tandika, Alhamisi saa nne asubuhi nakuja na mtu wa solo. Ule wa 2016 ndio tutakaokupigia. Amplifaya nije nayo au niache?

Fundi_Biti

Iache mzee, waya ninao. Gitaa tu. Ila kama una seti ya nyuzi za zamani ambazo hujazichemsha, njoo nazo. Ule mlio mzito uliozibika ndio ninaoutafuta, kwenye programu haupatikani.

Besi_Temeke

Ninayo. Iko kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, tangu 2019.