Msaada: hii -ed ya kiingereza inatamkwaje jamani?

Mwana_Masoko:
Wakuu heshima kwenu. Najifunza kazi ya kutembeza wageni kule Kilwa Kisiwani na kazi yenyewe karibu yote ni kusimulia mambo ya zamani. Sasa nikisikiliza wazoefu, visited naisikia kabisa "tid" mwishoni, attacked inaishia t tu, ruled inaishia d, na herufi ni zilezile ed. Kuna kanuni au ni kukariri neno mojamoja? Na kwenye kuandika kwanini stop inaongezwa p ila visit haiongezwi t? Historia ya kwetu naipenda, nataka isikike vizuri.

Mwl_Newala:
Kanuni ipo mdogo wangu. Usiangalie herufi, sikiliza sauti ya mwisho ya kitenzi kabla hujaweka ed. Shika koo useme sss, halafu zzz, kwenye z utasikia koo linatetema. Sauti isiyotetemesha koo kama p, k, f, s, sh, ch inafuatwa na t: attacked ni "atakt", hata laughed ni "laaft" japo imeandikwa gh. Ikitetemesha au ikiwa irabu ni d: ruled, lived, carried. Ila kitenzi kikiishia t au d ndo unaongeza silabi nzima "id", maana t mbili mfululizo hazisikiki. Kwahiyo "Ibn Battuta visited Kilwa in 1331" hapo visited ina silabi tatu, na minted ya zile sarafu za Kilwa vilevile inaongezeka, lakini "the Portuguese attacked Kilwa in 1505" attacked ni mbili basi, usiseme "atakidi". Hapo ndo ulimi wetu unapogoma kwasababu kiswahili kinapenda kumalizia na irabu. Dawa yake ni kuunganisha na neno la mbele, stopped at Kilwa isome "stop-tat-Kilwa", rudia mpaka izoeleke.

BintiMikindani:
Mwalimu kamaliza matamshi, niongezee kuandika. Neno la silabi moja lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni, hiyo konsonanti unaiandika mara mbili, stopped, planned, isipokuwa w, x na y, ndo maana showed na fixed ziko hivohivo. Neno refu linaangalia mkazo, prefer mkazo uko mwisho inakuwa preferred, visit uko mwanzo inabaki visited. Carry inabadili y kuwa i ila play haibadili, kabla ya y kuna irabu. Halafu travel, Uingereza wanaandika travelled na Marekani traveled, ukiona zote mbili usihangaike.

Mwana_Masoko:
Asanteni sana dada na mwalimu. Na ruined je? Maana magofu nayataja kila saa.

Mwl_Newala:
N inatetemesha koo, kwahiyo d, "ruind". Angalia tu learned, ukimsifia Ibn Battuta kuwa msomi, a learned man, hapo inasomwa "lernid" silabi mbili. Wicked na naked nazo ziko kundi hilo, hayo machache ndo ya kukariri.