Naomba ushauri: kubeti kwenye simu kumenishinda kuacha

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma mjini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 nilikuwa nashinda nyumbani na simu. Nikaanza na mikeka ya mpira ya shilingi 500, kisha nikahamia kindege, ule mchezo wa kubeti ndege ikipaa kwenye simu, ikitoweka kabla hujatoa hela umeliwa. Hapo ndipo nilipopotea. Mpira unasubiri dakika 90, unapata hata muda wa kujifikiria. Kindege ni sekunde tu, umeshaliwa, unaweka tena.

Sasa najua ni ugonjwa. Nikiliwa naongeza dau nirudishe, nakopa kwenye simu, namdanganya mke wangu. Juzi nimegusa hela ya kikoba, 180,000, na si yangu. Silali.

Programu nimeifuta mara tatu, hata laini nimebadilisha. Usiku wa manane najikuta nimerudi.

Naomba mnisaidie mawili. Ukiiandikia kampuni ikufungie akaunti kabisa, inafunga kweli, au namba nyingine inakubali? Na aliyewahi kutibiwa tatizo hili hospitali ya Maweni, ulianzia kwa nani pale mapokezi, maana naona aibu hata kulieleza.